Tone Lililokataa Kulala

Mmeniomba niwaandikie maneno ya kuwatia moyo. Moyo mnao, wanangu, tena umepita kiasi. Mtu anayelima spinachi kwenye roshani ya ghorofa ya saba pale Kilimani, halafu akaiita "shamba letu," hahitaji kutiwa moyo, anahitaji kutiwa breki. Lakini mlikuja kwangu na keki, mkanivumilia saa mbili nikilalamika kuhusu goti, kwa hiyo nitawapa nilicho nacho. Nitawaambia habari za tone la maji. Tone moja. Msicheke. Tone moja lilikaribia kumnyang'anya mjane shamba lake, na kwa muda mrefu mimi nilikuwa upande wa tone.

Naitwa Bakari. Baba yangu alitoka Mombasa akafungua kiduka cha vitambaa mjini, mimi nikazaliwa hapahapa Nairobi, nikalelewa kwa Kiswahili ambacho mama alikilinda kuliko sahani za wageni. Nyumbani kwetu ukisema "kitu yangu," hupati chai. Nikakua nikisahihisha watu: shuleni, dukani, msibani. Najua mnavyoniita mkiwa peke yenu. Nami nina majina yenu pia.

Miaka kumi na tisa nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa za mimea huko mjini. Koti jeupe, kalamu mbili mfukoni, moja haikuandika. Mkulima anakuja na jani lililotobolewa matundu, mimi naligeuza huku na huku, nakunja uso, nasema, "Viwavi." Utadhani yeye alifikiri ni panya. Namuuzia chupa. Akirudi kunilalamikia kwamba dawa haishiki, nina jibu: "Ongeza." Akirudi tena, nina jibu jingine: "Una hakika si feki uliyonunua kwingine?" Kulikuwa pia na kichupa kidogo pale rafuni, cha kuchanganya na dawa ili ishike kwenye jani. Wateja waliponiuliza kama ni lazima, niliwaambia ni hiari, maana sikujua kinafanya nini na sikutaka kuulizwa zaidi. Miaka kumi na tisa, wanangu, na sikuwahi kuona hata tone moja la dawa likitua juu ya jani.

Kisha mwenye duka akauza nafasi kwa watu wa vifuniko vya simu, na mtaalamu akajikuta barabarani na koti lake. Nilikuwa nimetimiza miaka arobaini na mitano. Nikaenda Mutuini kwa mteja wangu wa zamani, Mzee Kamande, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba pampu mgongoni na kuwapigia watu dawa shambani. Nikamwomba kazi. Alinitazama viatu, akanitazama mikono, akacheka hadi akashika ukuta.

"Daktari amekuja kuwa nesi," akasema. "Karibu wodi."

Kamande alikuwa mfupi, mkavu, na miguu yake kuanzia gotini kwenda chini ilikuwa na mabaka yanayomwasha usiku na mchana. Nilidhani ni ugonjwa wa kwao. Baadaye nilielewa: dawa iliyokataliwa na jani haipotei, inatafuta mtu. Ndiyo maana nawakemea mkipiga dawa na kaptura. Glavu, miwani, suruali ndefu, buti. Na maandishi kwenye chupa si urembo. Ikiandikwa mngoje siku kadhaa kabla ya kuvuna, mngoje, hata kama mgeni wa kumpigia picha ameshafika.

Sasa nije kwenye mdomo wa Kamande, maana ndiko kisa kilikozaliwa. Kwenye mdomo huo hapakuwa na L. Kikuyu, lugha ya mama yake, haikumpa herufi hiyo, naye hakuona sababu ya kuikopa ukubwani. "Reta pampu." "Twende tukakure." "Reo jua kari." Mwezi wa kwanza nilimsahihisha kila sentensi, naye akaninyamazia kila sentensi. Mwezi wa pili nikachoka. Mwezi wa tatu kichwani mwangu kulikuwa na kinu: R inaingia huku, L inatoka kule, bila mimi kujua. Nilijivunia sana kinu kile. Nilijiona mkalimani wa Umoja wa Mataifa.

Neno alilolitumia kuliko yote lilikuwa kulala. "Dawa razima irare," alisema. Ikilala, imefanya kazi. Ikisimama, umepoteza siku. Mwanzoni sikuelewa, nikamwambia dawa si mtoto mchanga. Akanipeleka kwenye mstari wa maharagwe, akadondosha tone la maji juu ya jani. Likatandaa, likatulia. "Imerara." Akanipeleka kwenye kabeji. Akadondosha jingine. Sikuona kitu. Nilisikia tu *pta*, na jani likabaki kavu kama halijawahi kuona maji.

"Riko wapi?" akaniuliza.

Lilikuwa juu ya buti langu.

Fanyeni jaribio hili kwenye hiyo roshani yenu, halihitaji intaneti. Chukueni jani la kabeji, au sukuma wiki, au lile pana la nduma linaloota kando ya mto. Mnaona ule ukungu mweupe juu yake? Watu wengi hudhani ni vumbi. Ni nta. Sugueni mahali pamoja kwa kidole gumba mpaka pang'ae, halafu mdondoshe maji. Mliposugua, maji yatalala. Msipogusa, yatakuwa shanga, yatabingirika yashuke yaende zake. Jani ni lile lile, hatua mbili za mdudu kutoka hapa hadi pale, na tabia mbili tofauti. Kamande alilijua jambo hilo kwa miaka thelathini. Jibu lake lilikuwa ufundi wa mkono: shusha mdomo wa pampu karibu na jani, tengeneza matone madogo, usipige umande ukiwa bado juu ya jani, maana tone hudandia umande na wote wawili wakaporomoka. Yote ni kweli, yashikeni. Dawa za ziada za kushikisha hakutaka kuzisikia. "Hiyo ni maneno ya watu wa duka," alisema, akinitazama.

Si kwamba nilijifunza haraka. Ofisi moja kule Hurlingham ilituita kupiga dawa mimea ya kwenye vyungu mlangoni, na Kamande akaniacha peke yangu dakika kumi. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kuonyesha kisomo. Nikapampu mpaka mkono ukauma, nikainua fimbo ya pampu juu ya kichwa, nikaachilia matone makubwa kwa nguvu zote, nikiamini kwamba tone likigonga kwa hasira zaidi litaingia zaidi. Wapi! Kadiri lilivyogonga kwa nguvu ndivyo lilivyoruka. Majani yalibaki makavu. Gari jeupe la mkubwa wa ofisi, lililokuwa limeegeshwa pembeni, lilitapakaa dawa kuanzia taa hadi buti.

Kamande alirudi, akalizunguka gari taratibu kama mnunuzi.

"Umepiga dawa gari," akasema. "Na haikuwa na viwavi."

Tuliliosha sisi wenyewe, mbele ya askari wa lango aliyefurahi kuliko siku ya harusi yake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Basi katika hali hiyo ya utaalamu uliokomaa ndipo tukaitwa na Mama Wahu.

Mama Wahu alikuwa mjane, mwenye robo ekari ya kabeji Mutuini, nyuma ya nyumba ya mabati aliyoachiwa na mumewe. Pande zote zilizomzunguka, majirani walishang'oa mahindi wakapanda nyumba za kupangisha. Asubuhi ukisimama katikati ya kabeji zake ulitazamwa na madirisha ya watu arobaini wanaopiga mswaki. Shemeji yake, Gitau, mdogo wa marehemu, alitaka robo ekari hiyo nayo ijengwe. Misimu miwili mfululizo viwavi walikuwa wamemaliza kabeji zote. Ukoo ukakaa, ukaamua: apewe msimu mmoja wa mwisho. Kabeji zikifaulu, shamba libaki mikononi mwake. Zikiliwa tena, msingi uchimbwe, naye apewe chumba kimoja katika nyumba hizo akae humo na kushukuru.

Alitueleza hayo yote tukiwa bado tumesimama langoni, bila machozi, akifuta mikono kwenye leso. Halafu akanikazia macho.

"Wewe si ule daktari wa duka? Wa koti nyeupe?"

Nikasema ndiyo, nikitabasamu. Nilidhani nitasifiwa.

"Uliniambia niongeze dawa. Nikaongeza. Nikarudi, ukaniambia niongeze tena. Hiyo chupa ndogo nikakuuliza, ukasema si lazima." Akaikunja leso. "Hiyo ilikuwa msimu ya kwanza."

Niliona haya, wanangu. Haya ya kweli, inayopanda shingoni. Nilizoea kuwatazama wakulima wakitoka mlangoni. Sikuwahi kufikiria walikuwa wanarudi wapi. Mwanamke huyu alirudi hapa, akamwaga dawa maradufu kwenye majani yaliyokuwa yakiitupa chini, na kila msimu shemeji yake akaja kuhesabu matundu. Sikusahihisha Kiswahili cha mtu yeyote siku hiyo.

Tulipiga dawa mara ya kwanza kwa ufundi wote wa Kamande. Baada ya siku tano viwavi walikuwa wamepungua, lakini si kwa namna ya kutisha. Waliobaki walikuwa wanono na hawakuonyesha wasiwasi. Gitau akaja na viatu vyake vyenye ncha na tepu ya kupimia. Akapima kutoka mparachichi hadi ua, akaandika kwenye simu. "Tatizo si dawa," akatuambia kwa sauti ya huruma. "Shamba imechoka. Hata nyinyi wazee mnachoka." Kamande alimtazama mpaka akaingia garini, kisha akatema mate pembeni.

Duru ya pili ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kabeji zilianza kufunga vichwa, na kiwavi akishaingia ndani ya kichwa, mwachie, huyo ni mpangaji. Asubuhi hiyo mgongo wa Kamande ukakataa kuinuka kitandani. Akanipigia simu. Upepo ulikuwa mwingi, mtandao ulikuwa ule ule mnaoujua, nami nimesimama kando ya tangi la maji, pampu wazi, Mama Wahu ananitazama.

"Sikiriza vizuri," akasema Kamande. "Weka dawa. Ongeza maji kidogo, harafu mara moja, koroga."

Kinu changu kikazunguka. Halafu mala moja, koroga.

Mala, kwa wale ambao mama zenu wamewalea kwa maziwa ya lozi, ni maziwa yaliyolala yakaganda. Yanauzwa kila kioski. Nilishtuka kidogo. Lakini nilikuwa nimeshaaibika mara nyingi mbele ya mzee yule kwa kubisha, nikaona safari hii niwe mwanafunzi mwema. Nikauliza tu, kwa uhakika:

"Mala moja?"

"Eeh, mara moja! Unangoja nini? Usichereweshe!"

Fikirini. Katika maisha yake yote Kamande alitamka R mahali pa R, kwenye jambo la maana, siku moja, na siku hiyo mimi nikamsahihisha.

Nikakimbia kioski nikanunua pakiti. Nikaimimina ndani ya pampu, nikakoroga. Mabonge yakaziba mdomo wa pampu papo hapo. Mama Wahu akaingia ndani akaleta kichujio cha chai, tukachuja pamoja, yeye ameshika, mimi namimina.

"Hii ni ya kuua viwavi," akaniuliza, "ama ni ya kuwapea breakfast?"

"Ni utaalamu, Mama Wahu," nikasema.

Pampu ya kwanza ikaisha, nikanunua pakiti nyingine. Ya pili, nyingine. Muuza kioski akaniuliza kama nina harusi. Nikapiga kuanzia lango hadi katikati ya shamba, mstari kwa mstari, juu na chini ya kila jani, na harufu ya maziwa chachu ikaanza kupanda na jua. Madirishani watu waliacha kupiga mswaki.

Kamande hakuweza kutulia nyumbani. Alikuja kwa boda boda, amejifunga mkanda wa mgongo, akashuka kwa vipande. Akaona pakiti tupu zimepangwa kwenye ukingo wa tangi. Akanusa hewa. Akaingiza kidole kwenye pampu, akakitoa, akakitazama.

"Bakari. Hii ni nini?"

"Mala."

"Ya nini?"

"Si ulisema? Mala moja, koroga."

Alinielewa polepole, nikaona inavyopanda usoni mwake kutoka kidevuni. Sijawahi kutukanwa vile, wala sitaki kuwaandikia, matusi mengine yalikuwa kwa lugha yake na nadhani yalikuwa bora zaidi. Alisema yeye ametaja neno sahihi la Kiswahili, la shule, la redioni, mara moja, na mimi Mswahili wa kuzaliwa nimeligeuza kuwa maziwa. Nikamwambia laiti angelitamka L hata siku moja ningejua lipi ni lipi. Akasema mtu wa duka ni mtu wa duka. Nikasema angalau mtu wa duka hupiga dawa bila kujikuna miguu. Hilo halikuwa jambo zuri kusema. Tukagombana pale kwa nusu saa, juu ya kila kitu: matone makubwa au madogo, juu ya jani au chini, asubuhi au jioni, nani kamfundisha nani. Mama Wahu alisimama pembeni na kichujio chake mkononi, akimgeukia kila anayesema.

Mwisho Kamande akaniambia, "Nenda ukauze chai." Akaimwaga ile iliyobaki, akachanganya dawa yake safi, akaipiga mwenyewe nusu ya pili ya shamba, mgongo umepinda, akikataa kusaidiwa. Nikaenda nyumbani bila kazi. Usingizi haukuja. Nilikuwa nimemharibia yule mama mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku ya nne Mama Wahu akanipigia simu. "Njoo," akasema. "Nimeita na Kamande pia."

Nilimkuta Kamande amesimama katikati ya shamba, pale hasa mpaka ulipokuwa. Mkono wake wa kulia, nusu aliyoipiga yeye, viwavi walikuwa kazini. Mkono wa kushoto walikuwa wananing'inia wakavu, wengine wameanguka chini, na majani mapya ya katikati yametoka mazima bila tundu. Juu ya majani hayo kulikuwa na madoa madogo meupe, maelfu, kila moja mahali tone lilipolala na kukauka.

"Maziwa imeua viwavi?" Kamande akauliza, si mimi, ni hewa.

"Inaonekana hivyo," nikasema, nikianza kunyoosha mgongo.

"Maziwa haiui kitu," Mama Wahu akasema. "Ingekuwa inaua, huku kwetu tungeisha zamani. Mzee, dondosha maji hapo nione."

Akatoa simu yake. Alikuwa na ile kamera ya kupunguza mwendo, ambayo hadi siku hiyo aliitumia kurekodi kwaya ya kanisa wakigeuka. Akatandika gunia, akalala kifudifudi kati ya mistari, akaweka simu sawa na jani. Kamande akadondosha tone la dawa tupu. Kisha akadondosha jingine la dawa yenye mala, tuliyoichanganya kwenye kikombe. Kisha sote watatu tukachuchumaa juu ya simu, tumeikinga jua kwa leso.

Nilichokiona sijakisahau. Tone la kwanza linashuka, mviringo, linang'aa. Linagonga jani. Linatandaa likawa chapati nyembamba, pana, mpaka ukadhani sasa limelala. Halafu kingo zinajikusanya, zinarudi katikati, linasimama kama kidole, na linaruka. Linaondoka kabisa kwenye jani, unaona mwanga chini yake! Likashuka tena, likaruka tena, mara tatu, kila mara chini zaidi, likabingirika ukingoni likaangukia udongo. Jani nyuma yake kavu. Tone la pili likatandaa vile vile, kingo zikajaribu kurudi, zikavutana, zikashindwa. Likabaki chapati. Likalala.

Baadaye nilisoma kwa nini, na naweza kuwaeleza kwa maneno ya kawaida. Ile nta si laini. Ni vinundu vidogo mno, jicho halivioni, kama ukuta uliorushiwa plasta ya mawe madogo. Tone halikai juu ya jani lenyewe, linakaa juu ya ncha za vinundu, na chini yake kuna hewa. Likitandaa halina pa kushika, basi nguvu yote liliyoshuka nayo inalirudisha juu. Ukilichanganyia kitu cha kulilegeza, linazama kati ya vinundu na kunasa. Mala ililegeza kiasi, na uzito wake ukasaidia.

Kamande aliitazama video ile mara kumi na moja. Kisha akageuza ndoo akaikalia.

"Miaka therathini," akasema. "Nimekuwa nikipigia udongo dawa."

Mimi mwenyewe nilikuwa nahesabu nyuso zilizopita kaunta yangu. Nikamwambia habari za kile kichupa kidogo cha rafuni, nilichokiita hiari. Hakunitukana, na ingekuwa afadhali anitukane. Akainuka, tukaenda pamoja kukinunua.

Tukapiga upya nusu ile iliyobaki, kwa kichupa, kwa kipimo kilichoandikwa. Tafadhali msiende kununua mala. Inaziba pampu, inaoza, na mbwa wa mtaa mzima watahamia kwenu. Wala msitumie sabuni ya unga kwa kukisia. Kamande, kwa bidii ya mtu aliyeokoka jana, alitia konzi nzima kwenye vitunguu vya jirani, vikaungua ncha zote, tukavililia pamoja.

Jumamosi ya uamuzi ukoo ulifika. Gitau, wajomba wawili, na Mzee Muiruri, baba mkubwa wa marehemu, ambaye neno lake ndilo lilikuwa la mwisho. Kabeji zilikuwa zimefunga, nzito, ukizipiga kwa kifundo cha kidole zinaitika. Walizungumza Kikuyu kwanza, halafu Mzee Muiruri akasema tutumie Kiswahili, Mswahili asije akadhani anasengenywa.

Gitau akasema amefurahi, kweli amefurahi, lakini hii ni bahati. Shamba limechoka, msimu ujao viwavi watarudi, kwa nini tumtese mama huyu?

Mama Wahu aliinama akakata kabeji moja, akaishika mbele ya Gitau kama anayempa zawadi, akamimina maji ya kifuniko cha chupa juu yake. Maji yakaruka, yakabingirika, yote yakamwishia kwenye vile viatu vya ncha. Jani kavu. Akachukua kifuniko cha pili, maji yenye dawa ya kichupa. Yakatandaa, yakatulia, wala halikuanguka tone.

"Umeona?" akasema. "Shamba ilikuwa inakula vizuri. Ni dawa ilikuwa hailali. Sasa inalala." Akamgeukia Mzee Muiruri, na hapo sauti yake ikatetemeka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Baba, wamekuwa wakiipima hii shamba tangu nizike bwanangu. Wanaipima asubuhi, wanaipima jioni. Ni nani kati yao amewahi kuilima?"

Mzee Muiruri aliichukua ile kabeji, akaipima uzito kwa mikono miwili, akasema shamba ni la Mama Wahu, na likitoka kwake linaenda kwa Wahu, bintiye, na mwenye tepu aiweke mfukoni. Nilifuta macho. Vumbi, niliwaambia. Hapakuwa na vumbi, mvua ilikuwa imenyesha jana yake.

Walipoondoka, Kamande alikuwa amevimba kama mkwe mkuu. Akasafisha koo, akamwambia Mama Wahu kwamba sisi mafundi wake tutarudi Jumanne kupiga upande wa sukuma.

"Jumanne msikuje," akasema Mama Wahu. "Nimenunua pampu yangu."

"Pampu?" Kamande akashangaa. "Na utapiga namna gani? Ni nani amekufundisha hii kazi?"

"Si ni nyinyi? Siku ile mlikuwa mnagombana kwa sauti ya juu."

Kamande akaniambia nichukue kabeji niliyopewa, twende.